Askari Huyu ni wa Nani?

Wananchi wenzetu wa Kericho na Bomet, tunaanza kwa swali moja, na tunaomba lisomwe kwa sauti katika kila kanisa, kila kituo cha kununulia majani chai na kila baraza la chifu, kutoka Londiani hadi Sotik. Wajumbe wa Mamlaka ya Polisi ya kaunti yenu ni akina nani, na mara ya mwisho walikutana lini?

Swali hili si fumbo, wala si la mawakili peke yao. Limetoka katika kifungu cha 41 cha Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya mwaka 2011. Kifungu hicho chaagiza kwamba kila kaunti iwe na Mamlaka ya Polisi, na mwenyekiti wake awe gavana mwenyewe au waziri wa kaunti aliyeteuliwa naye. Humo huketi wakuu wa polisi, wa upelelezi na wa ujasusi katika kaunti. Huketi wawakilishi wadi wawili waliopendekezwa na bunge la kaunti. Na huketi wananchi wasiopungua sita, waliotolewa katika wafanyabiashara, mashirika ya kijamii, wanawake, watu wenye mahitaji maalumu, vijana na makundi ya dini. Kazi yao imeandikwa bila kufichwa: kupendekeza malengo ya polisi katika kaunti, kufuatilia mwenendo wa uhalifu hasa ule unaowaumiza wanawake na watoto, kuangalia matumizi ya fedha, na kuwapa wananchi nafasi ya kusema.

Basi kiti chetu kimo katika sheria. Lakini katika kaunti nyingi za nchi hii kiti hicho kilikaa kitupu mwaka baada ya mwaka. Magavana walisema usalama ni kazi ya Nairobi. Nairobi ikahofia kwamba magavana watajifanya wakuu wa polisi. Wakubwa walipokuwa wakivutana, hakuna aliyemkumbuka mama wa Kipkelion aliyefiwa na mwanawe, wala mchumaji chai wa Konoin aliyedhulumiwa na msimamizi wake.

Twasema waziwazi: askari ambaye raia hana pa kumshtakia hawezi kumlinda raia huyo, hata kama moyoni angependa. Atamlinda yule awezaye kumhamisha, kumpandisha cheo au kumlisha. Hilo ndilo jambo la makala haya, na yaliyosalia ni ushahidi.

TULIVYOFIKA HAPA

Polisi hawakuletwa katika nyanda hizi ili wawalinde wenyeji. Kampuni za chai zilipoanza kupanda mashamba yao makubwa Kericho katika miaka ya 1920, ardhi ilikuwa imekwisha kutwaliwa na serikali ya kikoloni, na kazi ya askari ilikuwa kuhakikisha kwamba aliyenyang'anywa harudi. Mwaka 1934 serikali hiyo ilitunga sheria mahususi ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, mbali na makwao. Hawakuhamishwa kwa hukumu ya hakimu aliyesikiliza kila mmoja wao. Walihamishwa kwa amri, na mkono wa amri ulikuwa askari.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963, bendera ilibadilika na kofia zikabadilika, lakini njia ya amri ilibaki ile ile, kutoka juu kwenda chini. Mwaka 1988, katika zama za chama kimoja, Bunge liliibadilisha Katiba ili mshukiwa wa kosa la kunyongwa aweze kuzuiliwa na polisi kwa siku 14 kabla ya kufikishwa mahakamani. Mabadiliko hayo hayo yaliwaondolea majaji kinga ya kazi zao. Msomaji atazame jinsi mambo hayo mawili yalivyotembea pamoja: askari aliongezewa siku, na jaji aliyepaswa kumwuliza maswali akapunguziwa nguvu.

Kisha ukaja mwaka 1991. Mwezi Septemba, hapa hapa Kapkatet, wanasiasa wakubwa wa chama tawala walifanya mkutano wa kuhubiri majimbo na kuwatishia waliokuwa wakidai vyama vingi. Mwezi Oktoba mapigano yakaanza Meteitei, wilayani Nandi, yakaenea hadi Kericho na mipaka yake. Majirani waliokuwa wakiuziana maziwa waliwindana kwa mishale. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Bwana Kennedy Kiliku ilitoa hesabu yake Septemba 1992: watu 779 walikuwa wamekufa. Bunge la chama kimoja likaikataa ripoti hiyo. Mwaka 1998 ikaundwa tume ya Jaji Akiwumi. Ilimaliza kazi mwaka 1999, na ripoti yake ikafungiwa hadi mwaka 2002. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, damu ilimwagika tena, na tume ya Jaji Waki ikahesabu vifo 1,133. Kati ya hivyo, 405 vilitokana na risasi.

Hebu tuitazame namba hiyo ya mwisho. Jirani mwenye upinde hana bunduki. Mwenye bunduki, kwa kawaida, ni yule tunayemlipa kwa kodi yetu. Katika miaka 16 kamati na tume zilikuja zikaenda, na tulichoambiwa kilikuwa kile kile: vyombo vya usalama vilionywa havikusikia, vilishuhudia havikuzuia, na pengine vilishiriki. Hatukukosa ushahidi. Tulichokosa ni mahali pa kudumu pa kuupeleka, kabla ya msiba na si baada yake.

Katiba ya mwaka 2010 ilikuja kujaza pengo hilo. Kifungu cha 244 kinaagiza polisi waheshimu haki za binadamu na wajenge uhusiano mwema na jamii. Kifungu cha 245 kinamzuia mtu yeyote kumwamuru Inspekta Jenerali nani achunguzwe na nani aachwe. Kifungu cha 49 kinaagiza kwamba aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita. Zile siku 14 zimezikwa. Mwaka 2011 ikaundwa Mamlaka Huru ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi, ambayo wengi huijua kwa jina la IPOA. Haya yote yalinunuliwa kwa machozi ya gesi, kwa vifungo na kwa makaburi. Kuyaacha yaozee kwenye makabati ni kuwadharau walioyalipia.

SERIKALI NDANI YA SERIKALI

Yeyote aliyewahi kuishi katika shamba kubwa la chai anajua kwamba mle ndani mna serikali ndogo ndani ya serikali. Nyumba ni ya kampuni. Zahanati ni ya kampuni. Barabara, lango na bawabu ni vya kampuni. Mtu akigombana na msimamizi wake asubuhi, jioni anaweza kuwa hana kazi wala paa. Katika mazingira hayo, kumwambia mfanyakazi aliyedhulumiwa "nenda ukaripoti" ni kumwambia aruke korongo bila daraja.

Februari 2023 shirika la utangazaji la BBC lilitoa taarifa ya uchunguzi kuhusu mashamba ya chai ya Kericho yaliyokuwa yakiendeshwa na Unilever na James Finlay. Zaidi ya wanawake 70 walieleza kwamba walinyanyaswa kingono na wasimamizi wao. Kutoa mwili ilikuwa bei ya kupata kazi au ya kuibakisha. Sisi hatukushangazwa na habari hiyo, na hatudhani kwamba msomaji wa Kericho alishangaa. Tulichojiuliza ni hiki: kwa nini dunia iliyajua mambo hayo kwa kamera iliyofichwa na mwandishi wa habari, badala ya kuyajua kwa OB ya kituo cha polisi? Sheria ya Makosa ya Kingono ilikuwepo tangu mwaka 2006. Kifungu chake cha 23 kinamtaja wazi mtu mwenye mamlaka anayemsumbua kingono aliye chini yake, na kinamtishia kifungo kisichopungua miaka mitatu. Kwa miaka 17 sheria ilikuwa imelala pale, na daraja la kuifikia halikujengwa.

Turudi nyuma kidogo, kwenye mashamba hayo hayo. Baada ya uchaguzi wa 2007, wafanyakazi waliotoka makabila mengine walivamiwa wakiwa katika nyumba za kampuni. Watu 218, waliokuwa wafanyakazi au wakazi wa shamba la Unilever, walikwenda hadi mahakama za Uingereza wakidai kwamba waliachwa bila ulinzi. Julai 2018 Mahakama ya Rufani mjini London ilitupilia mbali rufani yao, ikiona kwamba kampuni mama haikuwa na wajbu wa kisheria kwao katika jambo hilo. Hatuandiki haya ili tubishane na majaji wa Uingereza. Tunaandika ili msomaji aone lango lilivyofungwa. London imesema mzigo huo si wa kampuni iliyo kwao. Basi ni wa nani, kama si wa serikali iliyo hapa na polisi walio hapa? Na kama ni wao, nani huwauliza kila mwaka, kabla ya uchaguzi, mpango wao wa kuwalinda wageni na wanyonge walio mashambani ni upi?

Halafu tazama Mei 2023. Vijana waliokuwa wakilia kwamba mashine za kuchuma chai zinawanyang'anya kazi waliingia mashambani Kericho na kuchoma mashine. Tuseme bila kigugumizi: kuchoma mali ya mtu ni kosa, na aliyechoma ana kesi ya kujibu. Iliripotiwa pia kwamba askari wengi walijeruhiwa siku hizo, nasi tunawapa pole wao na jamaa zao. Lakini mtu mmoja aliuawa, na mashine, hata iwe ya mamilioni mangapi, haina mama. Jedwali la Sita la sheria ile ya 2011 linasema askari atumie kwanza njia zisizo za nguvu. Akilazimika kutumia nguvu, ziwe za kadiri ya hatari iliyopo. Kwa maoni yetu, bunduki ni ya kuokoa maisha, si ya kuokoa injini. Linasema pia kwamba kifo kinachotokana na nguvu ya polisi kiripotiwe IPOA, na kwamba amri ya mkubwa si kisingizio kwa aliyetumia nguvu kinyume cha sheria. Mamlaka ya Polisi ya kaunti inayofanya kazi yake ingekuwa imekwisha kuwakutanisha wakubwa wa kampuni, viongozi wa wafanyakazi, vijana na polisi, miezi mingi kabla ya kiberiti cha kwanza kuwashwa. Malalamiko juu ya mashine hayakuanza mwezi ule. Yalikuwa yamenung'unikwa kwa miaka.

MAMBO MADOGO YASIYO MADOGO

Tusidhani kwamba habari ya polisi ni ya risasi tu. Kwa wananchi wengi dhuluma huja katika sura ndogo, kila siku, mpaka ikafanana na desturi.

Mke amepigwa, amekwenda kituoni akitaka fomu ya P3, akaambiwa atoe pesa za karatasi. Fomu ya P3 ni bure. Kijana amekamatwa Ijumaa jioni kwa uzururaji usioeleweka, ndugu zake wakaambiwa wachange apate dhamana ya polisi, la sivyo atalala ndani hadi Jumatatu. Dhamana ya polisi haiuzwi, na fedha yoyote inayowekwa kituoni kama dhamana lazima iwe na risiti. Mkulima ameibiwa ng'ombe, amefika kuripoti, akaombwa pesa za mafuta ya gari la polisi. Mama mpishi wa chang'aa hutembelewa kila wiki na anayekuja kuchukua chake, na pombe ile ile huendelea kuwaua watoto wa jirani. Sisi tunaofanya kazi ya uwakili tunayasikia haya kwenye viambaza vya mahakama, na wanaotusimulia hawana hasira tena. Wanasimulia kama mtu asimuliaye habari za mvua.

Hapo ndipo palipo na hatari kubwa. Mtu aliyezoea kununua haki yake hawezi kuitetea. Na askari aliyezoea kuuza fomu ya bure hawezi kesho kuambiwa amkamate tajiri.

HOJA ZA WANAOPINGA

Wako wanaosema kwamba polisi wakisimamiwa na raia, wahalifu watafurahi. Tunawajibu kwa mfano wa mipaka yetu. Mwaka 2023 watu waliuawa Sondu, pale Kericho inapopakana na majirani zake wa upande wa ziwa. Mpaka wa Sotik na Borabu umelia kwa wizi wa mifugo kwa miongo mingi. Katika sehemu hizo hakuna askari awezaye kujua nani anapanga nini, isipokuwa mwanakijiji amwambie. Na mwanakijiji hamwambii askari asiyemwamini. Anaogopa kwamba jina lake litamfikia mwizi kabla ya jioni. Usimamizi wa raia haumfungi askari mikono. Humfungulia midomo ya watu.

Wengine husema: mbona tayari tunao mpango wa Nyumba Kumi? Ni kweli, tuliletewa mpango huo mwaka 2013. Lakini habari zake huelekea upande mmoja tu. Raia anatakiwa amwambie polisi kuhusu jirani, mgeni na mpangaji. Polisi halazimiki kumwambia raia lolote: kesi ngapi zilifunguliwa, ngapi zilifika mahakamani, ni nani aliyekufa akiwa mikononi mwake. Babu zetu Wakipsigis walikuwa na kokwet. Mambo ya kijiji yalijadiliwa hadharani, na mwenye lawama akajibu mbele ya majirani. Wanawake hawakupewa nafasi sawa katika vikao vile, na huo ulikuwa upungufu. Sheria ya 2011 imeurekebisha kwa kuwatengea wanawake na vijana viti. Tunadai kokwet ya polisi, yenye viti hivyo.

Wa tatu husema kwamba polisi wana idara yao ya ndani ya kuchunguza makosa yao, hivyo tuwaachie. Wahenga walikwisha kutuonya: kesi ya nyani haipelekwi kwa ngedere. Agosti 2014, huko Kinango, kaunti ya Kwale, msichana wa miaka 14 aliuawa kwa risasi za polisi ndani ya nyumba. IPOA ilichunguza, na Februari 2016 maofisa wawili walitiwa hatiani kwa kumwua bila kukusudia. Ilikuwa hukumu ya kwanza iliyotokana na uchunguzi wa mamlaka hiyo. Msichana yule hakuwa mtoto wa waziri. Alikuwa mtoto wa kijiji, kama wetu. Hukumu ilipatikana kwa sababu aliyechunguza hakuwa mwenzake aliyefyatua.

Na wako wanaotunong'oneza kwa wema: acheni, mtaumia. Hatusemi kwamba njia hii haina hatari. Juni 2016 wakili mwenzetu Willie Kimani aliuawa pamoja na mteja wake na dereva wa teksi aliyewabeba. Mteja yule alikuwa mwendesha bodaboda aliyepeleka malalamiko IPOA baada ya kupigwa risasi na askari. Ilichukua miaka sita kufika kwenye hukumu. Julai 2022 Mahakama Kuu iliwatia hatiani watu wanne, watatu wao wakiwa polisi. Na Juni 2025 mwalimu kijana aliyekamatwa kwa maandishi yake mitandaoni alikufa ndani ya kituo cha polisi cha Central, Nairobi. Tunayajua haya. Lakini tuulizane: Kimani alikuwa peke yake kwa nini? Kwa sababu malalamiko ya mnyonge mmoja, yakibebwa na wakili mmoja, yanaweza kuzimwa katika usiku mmoja. Malalamiko yaliyosomwa mbele ya kamati ya kaunti, mbele ya padri, diwani, mwenye duka na mwanamke wa chama, hayazimiki hivyo.

ASKARI NAYE NI MTOTO WA MTU

Tusije tukaeleweka vibaya. Hatuna chuki na polisi. Askari wa cheo cha chini analala katika kibanda cha bati pamoja na mke na watoto, anahamishwa usiku bila kuulizwa, na anatumwa mbele ya umati bila kuambiwa umati unalia nini. Mkubwa aliyetoa amri kwa mdomo yuko mbali, hana hata kovu. Msiba ukitokea, mdogo ndiye hupigwa picha. Usimamizi wa kweli humwokoa askari mwema, kwa kuwa humpa mahali pa kusema, "Niliamriwa hivi, nikakataa, na sheria iko upande wangu."

Askari walipomwendea Yohana Mbatizaji wakitaka kujua wajibu wao, yeye hakuwafukuza wala hakuwaambia watupe silaha. Aliwakataza kupora watu kwa vitisho na kuwasingizia makosa, akawataka watosheke na ujira wao. Ndugu Wakristo, huo ndio mpango mzima wa mageuzi ya polisi. Umekuwa katika Injili muda mrefu kabla ya tume ya Ransley ya 2009 na kikosi kazi cha Jaji Maraga kilichotoa ripoti mwaka 2023.

Kanisa halina udhuru katika jambo hili. Wakati wa mapigano ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 Kericho ilikuwa bado chini ya Jimbo Katoliki la Nakuru, na Askofu Ndingi Mwana a'Nzeki hakungoja ruhusa ili aseme kwamba watu wake wanauawa. Baraza la Kitaifa la Makanisa liliandika na kuchapisha ushahidi huku wakubwa wakikana. Leo tunaona nini? Tunaona mimbari zikikopeshwa kwa wanasiasa kila Jumapili, bahasha zikipokelewa kwa vigelegele, na hakuna anayemwuliza mheshimiwa kabla hajaketi: kiti cha makundi ya dini katika Mamlaka ya Polisi ya kaunti kimekaliwa na nani? Shamba la Nabothi lilichukuliwa baada ya mashahidi wa uongo kuletwa, na wazee wa mji kutii amri. Wazee wale hawakurusha jiwe la kwanza. Waliandaa tu kikao.

TUNADAI

Kwanza, magavana wa Kericho na Bomet watangaze hadharani majina ya wajumbe wa Mamlaka ya Polisi, tarehe za mikutano yake na taarifa ya kila mwaka, zibandikwe katika kila ofisi ya wadi. Na asiyekuwa na mamlaka iliyo hai aseme ni lini ataiunda.

Pili, wakuu wa polisi katika kaunti wahakikishe kwamba kila askari mwenye sare anaonyesha jina au nambari yake kama sheria inavyotaka, kila anayeripoti anapewa nambari ya OB, na bango lenye maneno "P3 ni bure, dhamana ya polisi haiuzwi" linatundikwa katika kila kituo, kwa Kiswahili na kwa Kikalenjin.

Tatu, IPOA isiwangoje maskini katika ofisi zake za Nakuru, Kisumu na Eldoret. Mjane wa Chepalungu hana nauli ya kwenda na kurudi mara nne. Iweke siku zinazojulikana za kupokea malalamiko Kericho na Bomet, nje ya vituo vya polisi.

Nne, kampuni za chai zifungue malango yao kwa maofisa wa dawati la jinsia, na zisijigeuze mahakama kwa makosa ya kingono. Kumwachisha kazi msimamizi mbakaji si adhabu. Ni kumhamishia kwa jirani. Mabawabu wao nao wasajiliwe na kufunzwa kwa mujibu wa sheria ya walinzi wa kibinafsi ya mwaka 2016.

Tano, kila anayekufa mikononi mwa polisi afanyiwe uchunguzi mbele ya hakimu kama Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inavyoagiza katika kifungu cha 387. Hilo ni agizo la sheria, wala si hisani kwa familia.

NA SISI TUFANYE NINI?

Haki haiji kwa kudaiwa na jarida. Kila parokia, kila kanisa la mtaa na kila chama cha wakulima kichague watu wawili, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, wanaoaminika kwa kutunza siri. Wapewe daftari. Humo waandike tarehe, kituo, nambari ya OB, nambari ya askari iwapo imeonekana, na jambo lililotokea kwa maneno machache yasiyo na chumvi. Jina la aliyedhulumiwa lisiandikwe pasipo ridhaa yake. Mambo mema nayo yaandikwe: askari aliyefika upesi, ofisa aliyekataa rushwa, kituo kilichompokea mtoto kwa upole. Kila baada ya miezi mitatu nakala ipelekwe kwa mwenyekiti wa Mamlaka ya Polisi na kwa IPOA, na aliyeipokea atie sahihi.

Ni kazi ndogo, na haihitaji maandamano wala ruhusa ya mtu. Ingawa Katiba, katika kifungu cha 37, imetupa haki ya kuandamana kwa amani bila silaha, na sheria yataka taarifa tu ya siku tatu, si kuomba leseni kama zamani. Tukilazimika tutaandamana. Lakini serikali ambayo imezoea kutawanya umati kwa gesi bado haijapata gesi ya kutawanya daftari.

Uchaguzi mwingine utakuja, kama ulivyokuja wa 1992, wa 1997 na wa 2007. Mashamba ya chai yatakuwa pale pale, yakiwa kijani, na wachumaji kutoka makabila yote wakiwa ndani yake. Tusingoje tume nyingine ije kutuhesabia wafu. Jumapili ijayo gavana au mwakilishi wake akisimama kusalimia waumini, mwulizeni kwa heshima lile swali tulilolitanguliza. Na mkishauliza, andikeni jibu lake, na tarehe aliyolitoa.